Maikrofoni za Utepe na Mashine za Leo: Kulinganisha Si Kusawazisha

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba chanzo cha umeme hutoa nguvu kubwa kabisa pale ukinzani wa kifaa kinachopokea unapokuwa sawa na ukinzani wa chanzo chenyewe. Kanuni hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, fundi akiitumia bila kufikiri anapounganisha maikrofoni ya utepe ya zamani na mashine ya kurekodi ya leo, atapata sauti dhaifu iliyopungukiwa na uzito wake. Akiongeza kosa la pili, aweza kuiharibu maikrofoni yenyewe. Tutazame sababu.

Utepe na transfoma

Maikrofoni ya utepe ilibuniwa Ujerumani na Walter Schottky na Erwin Gerlach katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 Harry Olson wa kampuni ya RCA, Marekani, aliiendeleza hata ikafaa kwa utangazaji. Ndani yake mna ukanda wa alumini ulioning'inizwa kati ya ncha mbili za sumaku. Mawimbi ya sauti yanapoutikisa, volteji huzaliwa ndani yake, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Utepe wa maikrofoni ya 4038, iliyosanifiwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1950, una unene wa milimita 0.0006 hivi. Unywele wa mtu huushinda unene huo zaidi ya mara 50.

Ukinzani wa utepe ni mdogo, pungufu ya omu 1, na volteji yake ni hafifu mno. Ndiyo maana ndani ya maikrofoni huwekwa transfoma. Tuchukue utepe wa omu 0.3 na transfoma yenye uwiano wa mizunguko 1 kwa 30. Volteji itazidishwa mara 30, lakini ukinzani utazidishwa kwa 30 kipeo cha pili, yaani mara 900. Kwa hiyo mashine inayopokea itaiona maikrofoni kuwa chanzo chenye omu 270.

Mzigo uwe mwepesi

Amplifaya haihitaji nguvu nyingi kutoka kwa maikrofoni, inahitaji volteji. Mlango wake ukiwa na omu 270, nusu ya volteji itapotelea ndani ya maikrofoni. Ukiwa na omu 2700, asilimia 91 itafika.

Tena, ukinzani huu ni wa mkondo geu, na haulingani kwa sauti zote. Katika sauti nzito, karibu na mtetemo wa asili wa utepe, hupanda. Tuseme umepanda mara 3, ukawa omu 810. Mlango wa omu 270 utapokea asilimia 25 tu ya volteji, ilhali ule wa omu 2700 utapokea asilimia 77. Sauti nzito ya msemaji itakuwa imekatwa bila yeyote kugusa kitufe. Kwa hiyo mlango uwe na ukinzani usiopungua mara 5 ya ule wa maikrofoni. Mara 10 ni bora zaidi.

Pia amplifaya iwe na uwezo mkubwa wa kukuza na kelele ndogo. Kwa shinikizo la sauti la paskali 1, maikrofoni ya 4038 hutoa takriban nusu milivolti. Ili kufikia volti 1, lazima ikuzwe mara 2000 hivi, yaani desibeli 66.

Hatari ya volti 48

Mashine nyingi za leo hupeleka volti 48 kwenye maikrofoni zinazohitaji umeme. Volti hizo hupita katika nyaya mbili kwa usawa, kila waya kupitia ukinzani wa omu 6800. Usawa ukidumu, hakuna mkondo upitao ndani ya transfoma. Lakini waya mmoja ukigusana na ule wa ardhi, mkondo wa karibu miliampea 7 utapita. Swichi inapowashwa, transfoma huweza kuuzidisha mpigo huo mara 30, na utepe ukapata karibu ampea 0.2. Sumaku itausukuma kwa ghafla, nao waweza kunyooka au kukatika. Basi volti 48 zizimwe, na waya zikaguliwe, kabla ya kuunganisha.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kiini cha jambo hili kwa betri ya volti 1.5. Aunganishe nayo kikinza cha omu 1000 kiwe mfano wa ukinzani wa chanzo, kisha cha pili cha omu 1000 kiwe mzigo. Voltmita kwenye mzigo itasoma karibu 0.75. Mzigo ukibadilishwa kuwa omu 10,000, itasoma karibu 1.36. Wanafunzi waulizwe: ni lini tunataka nguvu, na ni lini tunataka volteji? Mwenye kulijibu swali hilo ameelewa maana ya kulinganisha.