Umefuta rekodi lakini diski bado imejaa? Chungulia ndani ya faili kwanza

Kule Kericho na Bomet, kilo ndizo pesa. Kwa mkulima anayepeleka majanichai katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA kama vile Momul, Litein, Kapkoros au Mogogosiek, kilo zilizorekodiwa ndizo huamua malipo ya kila mwezi na baadaye bonasi. Rekodi ikipotea, jasho lake limepotea.

Sasa tuseme uko kwenye atachimenti katika sacco ya wakulima. Diski imejaa, na unaambiwa ufute rekodi za miaka iliyopita. Unafuta mistari kwa maelfu, kisha unaangalia saizi ya faili. Wapi! Haijapungua hata kidogo.

Kompyuta haijaharibika. Hifadhidata, au databesi kama wengi wetu tunavyoiita, ni kama ghala la majanichai. Ukitoa magunia, kuta hazisogei. Ni nafasi tu inabaki wazi. Faili imegawanywa katika kurasa ndogondogo, za KB 8 kwa SQL Server na PostgreSQL, na KB 16 kwa MySQL. Ukifuta rekodi, kurasa hizo huachwa zingojee data mpya, lakini kwa kawaida faili haizirudishi kwa diski.

Kwa hivyo kabla ya kufuta chochote, au kuomba hela za diski mpya, kagua nafasi iliyo ndani.

Kwenye SQL Server, andika sp_spaceused uone nafasi ambayo haijatengewa kitu. Kwenye MySQL, angalia safu ya DATA_FREE katika information_schema.tables. PostgreSQL ina kiendelezi kinachoitwa pgstattuple. SQLite, ambayo imo hata kwenye simu yako ya Android, hukupa idadi ya kurasa tupu kupitia PRAGMA freelist_count. Zidisha idadi hiyo kwa saizi ya ukurasa: kurasa 50,000 za baiti 4,096 ni kama MB 205.

Ukipata nafasi kubwa, usikimbilie kuibana faili. Majanichai huchunwa mwaka mzima, na rekodi mpya zinaingia kila uchao. Nafasi hiyo itajazwa tu. Ukiibana leo, kesho faili itapanuka tena, na kwa SQL Server kubana huvuruga mpangilio wa data na kufanya mfumo ukokote miguu.

Kubana kuna maana pale umeondoa data nyingi ambayo hairudi. Hata hivyo, fanya bakapu kwanza, na usingoje diski ijae pomoni. VACUUM FULL ya PostgreSQL huandika jedwali upya na kulifunga wakati huo, kwa hivyo inahitaji nafasi ya ziada. Ifanye usiku, ofisi ikiwa imefungwa.

Tena hakikisha shida ni data kweli. Mara nyingi kwenye SQL Server mla nafasi ni faili ya logi, ambayo katika hali ya full recovery huzidi kuvimba ikiwa haifanyiwi bakapu.

Diski mpya inanunuliwa dukani. Kilo za mkulima zilizofutwa bila bakapu haziuzwi popote. Kagua kwanza, futa baadaye.