Kolesteroli na Magati ya Seli: Kwa Nini Jamaa Wote Wapimwe



Katika kila jamii husimuliwa habari za mtu aliyeanguka kwa shambulio la moyo angali kijana, mwembamba, asiyevuta sigara. Waliobaki husema ajali yake imefika. Ajali haipingiki, lakini ugonjwa una sababu, na sababu hii ina tiba. Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zizungumzazo Kiswahili hapa Parkdale.

Kolesteroli ni nini?

Kolesteroli, iitwayo pia lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo: hujenga kuta za seli na hutumika kutengeneza homoni. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo sana. Vinavyobeba nyingi zaidi ni vile vinavyoitwa LDL.

Seli huipokeaje?

Juu ya seli, hasa za ini, kuna vipokezi, ambavyo ni mithili ya magati bandarini. LDL inapopita katika damu hunaswa na kipokezi, kisha vyote viwili humezwa ndani ya seli. Humo shehena hupakuliwa, na kipokezi hurudi juu kupokea nyingine. Safari nzima huchukua kama dakika 10. Seli iliyotosheka hupunguza vipokezi vyake. Haya yaligunduliwa na Joseph Goldstein na Michael Brown, wa Dallas nchini Marekani, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Magati yakipungua, LDL hubaki ikizunguka katika damu, ikajipenyeza katika kuta za mishipa ya moyo na kuiziba kidogo kidogo.

Kasoro ya kurithi

Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na kasoro ya jeni inayodhoofisha kazi hii. Mara nyingi hana dalili yoyote. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, jambo linaloweza kutokea zaidi binamu wanapooana, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuipata kutoka pande zote mbili, na moyo wake waweza kudhurika tangu utotoni. Si laana wala aibu. Ni jambo la kupimwa na kutibiwa.

Ufanye nini?

Pima. Mwombe daktari kipimo cha kolesteroli katika damu. Akikiagiza, OHIP hukilipia. Asiye na OHIP aulize katika kituo cha afya cha jamii. Mtu mzima mwenye LDL ya 5.0 au zaidi (4.5 kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 39) aulize kuhusu kasoro ya kurithi.

Angalia chungu chako. Samli, tui zito, mafuta ya mawese na nyama yenye mafuta hupunguza vipokezi vya ini. Si lazima kuviacha kabisa: vipunguze, na uzidishe maharage, choroko, mboga na samaki.

Meza dawa ulizoandikiwa. Statini hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Nalo, likiihitaji, huongeza vipokezi na kuivuta kutoka katika damu. Usiache dawa kwa kuwa unajisikia mzima. Kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, hivyo mfungaji aweza kupanga na daktari wake aimeze baada ya futari. Mjamzito, au anayetarajia mimba, amwarifu daktari mapema.

Omba mkalimani. Usimtwishe mwanao kazi ya kukufasiria maneno ya daktari.

Ukiona maumivu ya kifua au pumzi kukukatika ghafla, piga 911 mara moja.

Mwisho, ukigundulika una kasoro hii, usiifanye siri. Waarifu wazazi, ndugu na watoto wako, wawe hapa Toronto, Mombasa, Unguja au Bukavu. Neno lako moja laweza kumwokoa mtu ambaye hajui kuwa yumo hatarini.