Mbolea Haihesabiwi kwa Mifuko



Mara nyingi twasikia kwamba nchi fulani hutia mbolea nyingi kuliko nyingine. Kabla hatujasadiki, yafaa tuulize: kimepimwa nini?

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko kama huo wa S.A. una kilo 10 na nusu tu. Basi aliyetia mifuko miwili ya S.A. huonekana kamzidi mwenziwe aliyetia mmoja wa yurea, na kumbe mimea yake imepata kidogo zaidi.

Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kufikia kilo 50 kwa hekta ifikapo 2015. Hizo ni kilo za chakula cha mmea, si za mfuko.

Tena, baadhi ya mbolea ishukayo bandarini Dar es Salaam huvuka kwenda Zambia na Malawi. Kuihesabu yote kuwa imetumika Tanzania ni kosa.

Nasi twaomba kila mwanachama anunuaye mbolea aandike aina yake, namba zilizopigwa mfukoni, na idadi ya mikarafuu aliyoitilia. Ndipo tutakapojua fedha zetu zimenunua nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.