Mbwa akimwaga udenda, usiingize mkono kinywani

Mbwa wa ulinzi kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ya Nyarugusu au Rwamagasa mkoani Geita anapoanza kumwaga udenda mfululizo, mwenye mbwa hufikiria mfupa kwanza. Taya limelegea, kinywa hakifungi, kila akijaribu kumeza anashindwa. Amekwamwa huyu! Basi humbana kichwa, humpanua kinywa na kupenyeza vidole kuutafuta huo mfupa. Naomba sana kitendo hicho kikome, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho huja kwa sura hiyo hiyo.

Tumezoea kuamini kwamba mbwa mwenye kichaa ni yule anayekimbia hovyo na kung'ata kila anachokutana nacho. Yupo huyo. Lakini yupo pia anayejikunja kimya nyuma ya banda, mpole, amepooza. Virusi huingia kwenye jeraha la kung'atwa, hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hushukia kwenye tezi za mate. Misuli ya koo ikipooza, mbwa hawezi kumeza, na mate yaliyobeba virusi humwagika nje. Tena mate hayo huweza kuambukiza siku chache kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Mpasuko mdogo kwenye kidole chako unatosha.

Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate hayo penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Asikae kungoja aone mbwa atakuwaje.

Zipo sababu nyingine, na kanda hii ina zake. Shinyanga na Geita ni nchi ya pamba, na baadhi ya viuatilifu vya shambani, vya jamii ya oganofosfeti na kabameti, huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu. Ujumbe usipozimwa, tezi za mate huendelea kufanya kazi bila kupumzika. Mbwa hutokwa machozi, huharisha, hutetemeka, na mboni za macho husinyaa. Hatari kama hiyo imo kwenye dawa za kuogeshea ng'ombe. Mtu humpaka mbwa dawa hiyo kwa kukisia ili kuua kupe. Mbwa akijilamba, ameinywa. Mkimbize kwa daktari wa mifugo na ubebe kopo la dawa yenyewe, kwani tiba hutegemea aina ya sumu. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, maana yanaweza kuingia mapafuni.

Sumu nyingine za kuleta udenda ziko machimboni: mialoni, yaani panapooshewa dhahabu, kuna zebaki, na kwenye mitambo ya kuchenjua marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, kuna sayanidi. Karne zilizopita madaktari wa Ulaya waliwapa wagonjwa wa kaswende zebaki, na mate yalipofurika walisema dawa imekolea. Kumbe mgonjwa alikuwa analishwa sumu. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mbwa wa mwaloni bado hunywa maji ya kidimbwi kilicho karibu naye. Mwekee maji yake safi, na umfunge mbali na vidimbwi hivyo.

Kwingine sababu ni ya kawaida: jino bovu, kung'ata chura, jua kali, safari ya gari. Na mbwa wenye midomo inayoning'inia, kama Boerboel, hudondosha udenda maisha yao yote; huyo mfute tu na umkaushe mikunjo ya midomo isioze.

Kinachotisha ni udenda wa ghafla kwa mbwa ambaye hakuwa nao jana. Funga geti, waondoe watoto, mpigie daktari wa mifugo, na mikono yako ikae mbali. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Kama wako hana kadi ya chanjo, mpeleke wiki hii.