Katuba: kijana mwenye kukusanya mashini, moja kisha moja

Ku Katuba, nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, tulikuta kibanda cha mabati ambacho mutu anakivuka kwa hatua ine. Ku ukuta kuna ubao wenye misumari, na ku kila musumari kumetundikwa chombo. Kila chombo kimezungushiwa alama ya kalamu, ili kikitoka fasi yake ibaki ikionekana. Fasi moja iko wazi. "Ile ni ya disikeze," mwenyewe anatuambia. "Ingali ku kenkayeri."

Mwenyewe ni kijana wa miaka 19, mwanafunzi ku chuo kikuu. Alituomba tusiandike jina lake, juu mama yake hajajua bado bei ya kila kitu chenye kutundikwa pale. Yeye si fundi wa mbao. Fundi alikuwa baba yake, aliyemwachia randa, patasi tatu na musumeno wa mukono. Kijana anasomea hesabu za biashara; mashini ni furaha yake ya jioni na ya siku ya posho.

Alianza vibaya, na hafichi. Yaya yake alimukopesha dola 35 zilizokuwa za minerval ya mutoto. Akaenda kununua perseze ya okazyoni yenye kutoka Ulaya, nzito, ya chuma, nzuri kwa macho. Siku ile kura ilikuwa imekatika ku duka, kwa hiyo hawakuijaribu. Muuzaji akabadilisha prizi tu, akamupa.

"Nilifika ku nyumba, nikaichomeka. Ikazunguka mbio sana, ikalia sawa mutoto. Mi nikafurahi! Kisha nikasikia harufu, kisha moshi. Hata dakika mbili haikumaliza."

Ku ubavu wa perseze ile kuna kibandiko cha chuma, na juu yake kumeandikwa 110 V. Hapa kwetu kura ni 220 V. Ku Uingereza mafundi wa ujenzi wanatumia mashini nyingi za 110 V pamoja na transfoma, juu ya usalama. Ku Marekani umeme wa nyumba ni 120 V, ku Japani ni 100 V. Mashini kama hizo zikichanganyika na zingine ku okazyoni, mukono hauwezi kuzitofautisha. Kibandiko njo kinasema. Ukiipa mashini ya 110 V kura ya 220 V, moto ndani yake unaweza kuzidi karibu mara ine, na nyuzi zinaungua. Kijana alitengeneza viti vidogo miezi saba ili arudishe makuta ya yaya yake. Perseze iliyoungua ameitundika ku ukuta pamoja na zile nzima, na alama yake ya kalamu vilevile.

Tangu siku ile hanunui bila kusoma kibandiko: volti, wati, na mara ngapi mashini inazunguka ku dakika. Anaomba ichomekwe mbele yake. Kama hakuna kura, anarudia kesho, hata muuzaji akimwambia kama kesho haitakuwa tena. Anaangalia cheche ndani ya matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu si kitu, lakini moto ukizunguka duara lote, sharboni zimekwisha ao mota imechoka. Sharboni zinabadilishwa kwa makuta kidogo. Mota, hapana. Pia anainusa mashini, na hapo watu wanamucheka.

Sasa, nini inunuliwe kwanza? Tulipita ku mafundi wa commune ya Kenya, na karibu wote walitujibu disikeze, hata bila kufikiri. Tunawaelewa. Disikeze inakata chuma, inasafisha soda ya milango, inaingiza makuta siku ileile. Lakini kijana wetu alichagua njia ingine: perseze mupya ya wati 650, kisha musumeno mudogo wa umeme wenye kukata mbao kwa kupinda, kisha mashini ya kupiga msasa. Kwetu sisi, mutu mwenye kufanya kazi hii kwa kupenda, bila bwana wa kumufundisha, anafanya vizuri kuiweka disikeze nyuma.

Juu ya nini? Disikeze ndogo ya kisahani cha milimetre 115 inazunguka karibu mara 11.000 ku dakika. Visahani vyake vimetengenezwa kwa mbio ile. Kisahani kikubwa cha milimetre 230 kinakubali mara 6.600 tu, na imeandikwa juu yake. Lakini tumeona mafundi wanatoa kifuniko cha usalama ili kisahani kikubwa kilichobakia kiingie ku mashini ndogo. Kikipasuka, vipande vinaruka na hakuna mutu wa kuvikwepa. Wengine wanafunga ku disikeze kisahani chenye meno ya kukatia mbao. Meno yakikamata fundo la mbao, mashini inaruka kwa mutu mwenyewe, ku mikono, ku mapaja, ku uso. Fundi mumoja alituonyesha mukono wake wa kushoto, vidole vitatu, akarudisha mukono ndani ya mufuko. Hakutuambia kitu, na sisi hatukumuuliza.

Kijana anajua hayo. "Nitainunua, lakini na kifuniko chake. Na miwani kwanza. Miwani iko pale, inangojea."

Neno la betri linamusumbua zaidi, sawa vile linasumbua kila mutu wa Lubumbashi mwenye kujua delestaji. Mashini ya betri inafanya kazi kura ikikatika, njo uzuri wake. Lakini kila marki ina mashiko yake, na betri ya huyu haiingii ku mashini ya yule. Ukinunua betri ya kwanza, umeoa: zile zote zitakazofuata zitatoka ku jamaa ileile. Kijana alikuwa karibu kuongeza dola 20 ili apate perseze ya 20 V pahali pa ile ya 18 V, akizani ina nguvu zaidi. Betri zote mbili zina seli tano zenye kufuatana. Kila seli ina volti 3,6 ku kazi ya kawaida, na volti 4 hivi ikijaa. Tano mara 3,6 ni 18. Tano mara 4 ni 20. Ni betri ileile, maandishi tofauti. Pia anapima uzito ku mukono: betri yenye kuandikwa 5 Ah lakini nyepesi sawa kopo tupu, seli nyingi hazimo.

Wengine wanasema, nunua grupu. Grupu ndogo ya kilowati moja inaendesha perseze bila shida, lakini disikeze kubwa inapita wati 2.000, na ku kuanza inaomba tena zaidi, grupu inazimika. Ralonji nayo iwe ya waya munene, na ikunjuliwe yote. Ikibaki imezungushwa, inapata moto hata plastiki inayeyuka.

Tulimuonya jambo moja ambalo hakulizoea: vumbi. Siku ile alikuwa anapiga msasa ubao wa mulombwa, na vumbi nyekundu ilikuwa imemufunika hata nyusi, pua wazi. Tangu 1995 kituo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya la Dunia, ku Lyon, kinahesabu vumbi ya mbao kati ya vitu vyenye kuleta kansa kwa mutu. Alicheka kwanza. Kisha akauliza maski ni ngapi.

Ndani ya kopo la maziwa ana dola 38. Disikeze ile aliyoona, pamoja na visahani vitatu, ni 45. Lakini yaya yake aliomba kitanda cha watoto wawili, na safari hii ni yeye njo atalipa, mbao na kazi. Kitanda kitamaliza wiki mbili, disikeze itangoja.

Kura ilikatika tukingali pale, saa kumi na mbili na nusu. Musumeno wa umeme ukanyamaza katikati ya ubao. Kijana hakusema kitu. Alishusha musumeno wa baba yake, akawasha tochi ya telefone, akatuomba tumushikie ubao upande wa pili.