Mgeni Anayefanana na Mwenyeji

Taaluma ya uhamaji ina upendeleo wake. Vitabu vyake vingi vinamhusu mtu aliyevuka bahari, lugha na dini kwa mkupuo mmoja: Msomali wa Minneapolis, Mturuki wa Berlin, Mkongo wa Brussels. Tofauti ikiwa kubwa ni rahisi kuiona, na kinachoonekana ndicho kinachoandikwa. Katika sura hii tumtazame mtu wa kinyume chake, yule ambaye watafiti humruka wakidhani hana la kusimulia: Mwaustralia anayeishi London. Kiingereza amekua nacho. Gari ameendesha upande wa kushoto tangu alipopata leseni. Mfalme wa Uingereza ndiye mfalme wa kwao pia. Kriketi anaijua kuliko majirani zake wengi. Akinyamaza ndani ya treni, hakuna atakayemjua.

Hapo namsema Mwaustralia mwenye asili ya Ulaya. Mwenzake ambaye wazazi wake walitoka Vietnam au Lebanon huulizwa anatoka wapi, na akijibu Melbourne huulizwa tena anatoka wapi hasa. Hata hivyo wote wawili wanatufaa kwa somo hili, kwa sababu pasi yao ni moja. Lugha na desturi zikiondolewa katika hesabu, kinachobaki cha kumfanya mtu awe mgeni ni nini? Jibu langu ni mambo mawili: muda aliopimiwa na serikali, na umbali.

Tuanze na umbali, maana ndio uliotangulia. Hadi miaka ya 1960 wengi walikuja kwa meli, wiki tano au sita baharini kupitia bandari kama Colombo na Aden, kisha mfereji wa Suez. Shirika la ndege la Qantas lilikuwa limeanza kurusha ndege ya abiria kutoka Sydney hadi London Desemba 1947, lakini safari ilichukua siku nne na nauli yake haikuwa ya muuguzi wala mwalimu. Meli ilikuwa na faida ambayo ndege haikuirudisha: muda ule ulitosha kupata rafiki, mchumba, au angalau mtu wa kupanga naye chumba. Watu walishuka bandarini wakiwa tayari ni kundi.

Kundi hilo lilikwenda Earl's Court, magharibi mwa jiji. Nyumba kubwa za karne ya 19 zilikuwa zimekatwakatwa kuwa vyumba vya bei nafuu, treni za chini ya ardhi zilipita pale, na aliyefika jana alimwonyesha wa leo mwenye nyumba asiyeuliza maswali mengi. Wenyeji wakapabandika jina la Bonde la Kangaruu. Mwaka 1964 mchekeshaji Barry Humphries alianza kumwandika katika jarida la Private Eye kijana wa Kiaustralia aitwaye Barry McKenzie, mlevi na mropokaji aliyetua London bila kujua adabu zake. Waingereza walicheka wakidhani anachekwa Mwaustralia. Waaustralia walicheka kwa sababu Waingereza wa hadithi ile ndio walikuwa wanafiki na wachafu zaidi. Humphries ni wa kizazi kile cha waandishi Clive James, Germaine Greer na Robert Hughes, walioondoka nyumbani wakiamini kwamba maisha ya akili yako kwingine. Historia hupenda kuwataja hao. Mimi nadhani tumewataja vya kutosha. Waliokuwa wengi ni wauguzi, makarani, walimu wa kujaza nafasi shuleni na wahudumu wa baa, watu ambao vijana wetu wa ughaibuni wangewaelewa mara moja: walikuja kubeba boksi, tofauti ikiwa kwamba hakuna shangazi nyumbani aliyesubiri atumiwe pesa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mhamiaji anayetuma pesa ana sababu ya kukaa ambayo kila mtu kwao anaikubali. Mwaustralia hana. Kwao hapana vita wala njaa, mishahara ni mizuri na jua lipo. Kila anapopiga simu nyumbani anapaswa kueleza upya kwa nini bado yuko kwenye chumba chenye ukungu ukutani, mashine ya kufulia ikiwa jikoni na dirisha lisilo na wavu wa wadudu.

Sasa tuje kwenye muda. Hadi 1962 raia wa Jumuiya ya Madola aliweza kuingia Uingereza na kukaa apendavyo. Sheria ya mwaka huo ilianza kuufunga mlango, na waliolengwa hawakuwa Waaustralia bali Wakaribi, Wahindi na Wapakistani. Ya 1968 ilipitishwa kwa pupa kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza mkononi. Kisha ikaja sheria ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, na kigezo chake kikawa mahali alipozaliwa mzazi. Sheria haikutaja rangi popote. Kwa matokeo yake, Mwaustralia mwenye mama mzaliwa wa Leeds alipita, na fundi wa Nairobi aliyesoma historia ya wafalme wa Uingereza shuleni hakupita. Lakini wavu ule ulinasa hata wasiokusudiwa. Mwaustralia ambaye ukoo wake ulihama vizazi vinne nyuma alijikuta mgeni wa kuomba kibali, na hayo yalitokea siku ile ile Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya. Mjerumani, ambaye baba yake huenda alipigana na Waingereza, akapata foleni fupi. Mwaustralia, ambaye babu yake alipigana upande wao katika vita vya Gallipoli, akapata ndefu. Nyumbani kwao jambo hilo liliuma, na maumivu yale yaliwasaidia kuacha kuiona Uingereza kama nyumba ya mama.

Matokeo ya sheria hizo tunayaona leo tukiingia katika nyumba moja ya kupanga, tuseme mtaa wa Clapham, London, wanakoishi Waaustralia watatu. Kwa macho wako sawa: wanagawana kodi, bili na rafu za friji. Kwa sheria kila mmoja anaishi katika nchi yake.

Wa kwanza ana viza ya vijana. Zamani ilikuwa ya umri wa miaka 18 hadi 30 na ya kukaa miaka miwili. Baada ya mkataba wa biashara huria kati ya nchi hizo mbili kuanza kutumika 2023, tangu Januari 2024 Waaustralia wanaomba hadi miaka 35 na wanaweza kufikisha miaka mitatu. Kabla ya kuja anaonyesha akiba ya pauni 2,530 na kulipia huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza yake, yote mapema. Anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, lakini miaka yake haimpeleki kwenye ukaazi wa kudumu kwa njia ya kawaida ya miaka mitano. Huyu hanunui kitanda. Analitumia jiji kama mtu aliyekodi gari kwa siku moja: Ijumaa Lisbon, wiki ijayo Kraków, Jumatatu ofisini akiwa hajalala. Wenzake wa kazini humwona mchangamfu. Kumbe ni saa inayomkimbiza.

Wa pili ana bibi aliyezaliwa Glasgow. Cheti cha kuzaliwa cha bibi huyo kinampa viza ya ukoo ya miaka mitano, kazi ya uchaguzi wake, na mwishoni haki ya kuomba ukaazi. Viza hii iko wazi kwa raia yeyote wa Jumuiya ya Madola, Mtanzania akiwemo, ila ni Watanzania wangapi wana bibi wa Glasgow? Mwenzetu huyu amenunua kitanda, na zulia.

Wa tatu yupo kwa udhamini wa mwajiri. Mshahara wake ndio mkubwa kuliko wa wote na usingizi wake ndio mfupi. Akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kufungasha. Mkuu wake wa kazi akimwomba abaki hadi usiku, anabaki.

Wataalamu wa uhamaji hupima kuzoea kwa mhamiaji kwa lugha, marafiki na ajira. Kwa vipimo hivyo hawa watatu wangepata alama sawa. Lakini nani atajiandikisha kwa daktari wa mtaa, nani atajiunga na klabu ya kriketi ya wikiendi, nani atathubutu kumpenda mtu wa pale: hayo utayabashiri vizuri zaidi kwa kusoma tarehe ya mwisho kwenye kibali.

Umbali nao una tarehe zake. Katikati ya mwaka Sydney iko mbele ya London kwa saa tisa. Desemba inakuwa mbele kwa saa 11, kwa sababu huku wanarudisha saa nyuma kwa ajili ya baridi na kule wanaisogeza mbele kwa ajili ya kiangazi. Kwa hiyo simu ya nyumbani ina dirisha jembamba. Ukimaliza kazi saa 12 jioni ya Desemba, giza likiwa limeingia tangu saa 10, kwa mama yako ni saa 11 alfajiri ya siku inayofuata. Inabidi umpigie asubuhi kabla ya kwenda kazini, naye ndiyo kwanza anaandaa chakula cha jioni. Hata mpira unafuata kanuni hiyo: fainali ya soka ya Kiaustralia, inayochezwa Melbourne Jumamosi ya mwisho ya Septemba saa 8:30 mchana, London huangukia saa 11:30 alfajiri, na zipo baa zinazofungua kwa ajili yake.

Machi 2018 Qantas walianza kurusha ndege kutoka Perth hadi London bila kutua, takriban saa 17 angani. Watu wakaanza kusema umbali umekwisha. Miaka miwili baadaye Australia ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na Julai 2020 ikaweka kikomo cha abiria wanaoingia, raia wake wenyewe wakiwemo. Aliyefanikiwa kupata kiti alijifungia hotelini siku 14 na, kwa walioshukia Sydney, kulipa dola 3,000 za kwao. Wengi hawakupata kiti. Walizika wazazi kwa kutazama skrini, katika nchi ambayo pasi yake walikuwa nayo mfukoni. Mpaka ulifunguliwa Novemba 2021. Nimesoma mengi juu ya haki ya raia kurudi kwao, na sijaona kesi iliyoonyesha wazi kama hiyo kwamba pasi peke yake haikufikishi nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo Mwaustralia anapewa London siku ya kwanza bila kuhangaika: kura. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura hata katika uchaguzi mkuu, kwa hiyo Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanapiga, wakati Mfaransa aliyeishi pale miaka 20 bila kuchukua uraia hapigi. Cha ajabu, upande wa kwao ndiko kura inakonyauka. Australia imelazimisha raia kupiga kura za kitaifa tangu 1924, na siku ya uchaguzi Australia House, jengo la ubalozi mtaa wa Strand, hujaa foleni. Lakini anayetaka kubaki katika daftari kama mpiga kura wa ng'ambo lazima awe amekusudia kurudi ndani ya miaka sita. Deni la masomo, kinyume chake, halina nia wala ukomo wa aina hiyo: tangu Julai 2017 aliyesoma chuo kwa mkopo wa serikali anapaswa kutangaza kipato chake cha nje na kulipa. Wadaiwa wa Bodi ya Mikopo walioko ughaibuni watautambua mkono huo mrefu wa serikali.

Uraia nao una historia yake. Kabla ya tarehe 4 Aprili 2002, Mwaustralia mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari alipoteza wa kwao papo hapo. Wapo waliokaa London miongo wakiwa wakaazi tu kwa hofu hiyo, kama Mtanzania wa leo anavyosita, na kama Mkenya alivyosita kabla ya katiba ya 2010. Sasa wanashika zote mbili, na tatizo limehamia kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa London kabla wazazi hawajapata ukaazi wa kudumu hazaliwi Mwingereza, hata kama lafudhi yake itakuwa ya Clapham. Anaandikishwa Mwaustralia kwa nasaba. Naye akija kupata mtoto nje ya Australia, hatamrithisha uraia huo mpaka yeye mwenyewe awe ameishi Australia jumla ya miaka miwili.