Kuchagua Ncha ya Ngozi ya Fimbo ya Pool

Fimbo ya pool hugusana na mpira mweupe mahali pamoja tu: kwenye kipande kidogo cha ngozi kilichogundishwa mwishoni mwa mti wake. Mguso huo hudumu kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huongezeka kidogo ngozi ikiwa laini. Katika muda huo mfupi ngozi hubonyea, huushika mpira, kisha huuachia ukiwa na mwendo na mzunguko utakaokwenda nao mezani. Kazi ya ncha, basi, ni kushika bila kuteleza. Ugumu, idadi ya tabaka, jina la kiwanda na bei ni mambo yenye maana kwa kadiri tu yanavyoisaidia kazi hiyo.

Kushika huko kuna mpaka. Mpira ukipigwa katikati kabisa, hata mti mtupu utausukuma vizuri. Pigo linaposogezwa juu, chini au pembeni ili kuuzungusha mpira, ngozi hulazimika kung'ang'ania zaidi. Ncha yenye umbo zuri na chaki ya kutosha hushika mpaka karibu nusu ya umbali kutoka kitovu cha mpira hadi ukingoni. Pigo likivuka hapo, ncha huteleza, mlio mkali husikika na mpira hukimbilia usikotakiwa. Bila chaki mpaka huo hurudi ndani sana, na ndiyo maana ngozi na chaki hazitenganishiki.

Ngozi yenyewe ilichelewa kufika. Kwa muda mrefu biliadi ilichezwa kwa mti usio na kitu mwishoni, na wachezaji hawakuwa na njia ya kuaminika ya kuuamrisha mpira urudi nyuma au upinde. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ncha ya ngozi ni François Mingaud, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyefungwa gerezani Paris na kutumia muda wake huko kuuchunguza mchezo. Mwaka 1827 alichapisha kitabu cha mapigo ambayo, kwa mti mtupu, yasingewezekana. Chaki ya kisasa ilikuja baadaye sana: mwaka 1897 mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins, wote Wamarekani, walipata hataza ya mchanganyiko ambao kwa kweli si chaki ya ubaoni. Ni unga wa silika pamoja na chembe ngumu za kukwaruza, zinazojikita kwenye nyuzi za ngozi na kuuma uso laini wa mpira.

Katika kuchagua, ukubwa hutangulia. Nao hauhitaji mjadala mrefu, kwa kuwa huamuliwa na mipira na mti wa fimbo. Meza za mtindo wa Kimarekani hutumia mipira yenye kipenyo cha milimita 57.15, na fimbo zake kwa kawaida huwa na ncha ya milimita 12 hadi 13. Kanuni za chama cha dunia cha pool, WPA, haziruhusu zaidi ya 14. Snuka huchezwa kwa mipira ya milimita 52.5 na ncha za 9 hadi 10. Pool ya mtindo wa Kiingereza, yenye mipira ya milimita 51, hupendelea ncha ya 8 hadi 9. Kwenye meza nyingi za sarafu zenye asili hiyo mpira mweupe ni mdogo zaidi, kama milimita 48, ili meza iweze kuutenga na mingine na kuurudisha ukitumbukia.

Katika baa na kumbi za Afrika Mashariki si ajabu kukuta meza yenye mipira midogo ikichezwa kwa fimbo nene ya Kimarekani. Mchezo huendelea, lakini kwa hasara. Mwisho mzito wa fimbo ukiupiga pembeni mpira mwepesi, mpira huchepuka zaidi kutoka kwenye mstari uliolengwa, na ncha pana hufanya iwe vigumu kuona ni wapi hasa itagusa. Kubandika ncha ndogo juu ya mti mnene hakuponyi tatizo hilo. Ncha lazima ilingane na pete, yaani kile kikofia cha plastiki, nyuzi zilizoshindiliwa au shaba kinachokaa kati ya ngozi na mti. Hununuliwa ikiwa pana kidogo kuliko pete, kisha kinachozidi hukatwa. Ikiwa nyembamba kuliko pete, haifai.

Baada ya ukubwa huja ngozi na namna ilivyotengenezwa. Kuna makundi mawili. La kwanza ni la ncha za kipande kimoja, zilizokatwa kutoka ngozi nene na kushindiliwa. Elk Master ya kampuni ya Tweeten ya Marekani, yenye rangi ya samawati, ndiyo inayojulikana zaidi, hasa kwa wachezaji wa snuka. Triangle, ya kampuni hiyohiyo, ni ngumu zaidi. Ubora wa kundi hili ni bei: ncha zake huuzwa kwa boksi la 50, na boksi zima huenda likalingana bei na ncha moja au mbili za kundi la pili. Udhaifu wake ni kwamba ngozi ya mnyama haifanani kila mahali, hivyo ndani ya boksi moja hupatikana laini, ngumu na zile za kutupwa. Mafundi wazoefu huziangusha moja moja juu ya meza ngumu na kusikiliza, kwani iliyoshikamana vizuri hulia kwa sauti kavu zaidi. Wapo hata wanaozilowesha Elk Master kwenye maziwa, wakazikausha na kuzibana kwa jiliwa ili ziwe ngumu na zisipanuke upesi. Ni kazi ndefu kwa kitu cha bei ndogo, ila matokeo yake yana wapenzi wengi.

Kundi la pili ni la ncha za tabaka, ambazo huundwa kwa ngozi nyembamba kadhaa zilizogundishwa pamoja chini ya mgandamizo. Moori na Kamui, zote za Japani, ndizo zilizolipa kundi hili sifa. Kwa kuwa kila tabaka huchaguliwa na kubanwa, ncha mbili za aina moja hukaribiana sana kitabia, na inayokwisha inaweza kufuatwa na nyingine bila mchezaji kulazimika kujizoeza upya. Hasara yake, mbali na bei, ni kwamba tabaka huweza kuachana, hasa gundi ikilegea au wembe ukipita vibaya wakati wa kukata.

Jambo moja husahauliwa na wauzaji, ingawa katika miji ya pwani lina uzito: ncha nyingi za tabaka zimetengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Mchezaji asiyetaka kuishika ngozi hiyo ana njia nyingine, kwa sababu zipo ncha za ngozi ya ng'ombe na za nyati wa majini wa Asia, za kipande kimoja na za tabaka. Inatosha kusoma maelezo ya kiwanda kabla ya kununua. Jina la kibiashara halisaidii hapa, kwa kuwa ncha inayotajwa kwa jina la mnyama fulani si lazima itoke kwenye ngozi ya mnyama huyo.

Ugumu ndio unaozungumzwa zaidi mezani, na ndio uliojaa imani zisizo na msingi. Viwanda huziita ncha zao laini, za wastani au ngumu, mara nyingi kwa herufi S, M na H. Herufi hizo hazina kipimo cha pamoja: M ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ngumu kuliko H ya kingine. Kwa hiyo ulinganifu una maana ndani ya chapa moja tu.

Imani kubwa kuliko zote ni kwamba ncha laini huzungusha mpira zaidi. Vipimo havisemi hivyo. David Alciatore, profesa mstaafu wa uhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Colorado State anayejulikana kwa uchambuzi wake wa biliadi, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba kiasi cha mzunguko kwa kulinganisha na mwendo wa mpira hutegemea umbali wa pigo kutoka katikati. Mradi ncha haitelezi, laini na ngumu zikigusa mahali palepale hutoa uwiano uleule. Hata kuchepuka kwa mpira hakutokani na ugumu wa ngozi. Hutokana na uzito wa sehemu ya mwisho ya mti.

Ncha laini na ngumu hutofautiana katika mambo mengine, na hayo si madogo. Ncha laini hubeba chaki vizuri, husamehe mchezaji anayesahau kuipaka, na hutoa sauti ya chini. Lakini hupoteza nguvu kidogo zaidi, hupanuka kando kama uyoga na hukwisha mapema. Ncha ngumu hutunza umbo na kuurusha mpira kwa kasi zaidi kwa pigo lilelile. Nayo hung'aa upesi usoni na hudai chaki kila mara. Mchezaji mwenye fimbo yake mwenyewe atapata nafuu kwa kuanza na ncha ya wastani ya tabaka, kisha asogee upande anaoupenda. Mwenye ukumbi ambaye fimbo zake hubamizwa sakafuni usiku kucha hana sababu ya kununua tabaka za gharama: ncha ya kipande kimoja, ngumu kiasi, itamfaa zaidi.

Fimbo ya kufungulia mchezo ni habari nyingine. Hapo kinachotafutwa ni kasi, mpira hupigwa karibu na katikati, na mzunguko si hoja. Hutumika ngozi iliyoshindiliwa sana, au plastiki ngumu ya fenoli, ingawa baadhi ya mashindano huikataa fenoli. Kanuni za WPA hutaka ncha iwe ya ngozi au kitu kingine chenye nyuzi au kinachobonyea, kisichoukwaruza mpira.

Umbo la ncha huathiri mchezo kuliko wengi wanavyodhani, nalo halinunuliwi. Hutengenezwa kwa msasa. Uso wa ncha unatakiwa uwe mviringo, na kiasi cha mviringo huo hupimwa kwa desturi kwa sarafu mbili za Marekani: ya senti 5, yenye kipenyo cha milimita 21.2, na ya senti 10, yenye milimita 17.9. Ncha iliyochongwa kufuata ukingo wa sarafu ndogo huwa na mviringo mkali zaidi. Hesabu yake ni fupi. Pigo linapofika kwenye mpaka wa kuteleza, mahali pa mguso kwenye ngozi huwa umbali wa robo ya kipenyo cha sarafu hiyo kutoka katikati ya ncha: milimita 5.3 kwa sarafu kubwa, 4.5 kwa ndogo. Ncha ya milimita 13 ina nusu upana wa 6.5, kwa hiyo maumbo yote mawili yanatosha. Ncha ya milimita 9 ina 4.5 tu. Ikichongwa kwa umbo la sarafu kubwa, mpira utagusa ukingo wa ngozi kabla mpaka haujafikiwa, na itateleza hata chaki ikiwa tele. Ncha nyembamba zote zinahitaji mviringo mkali.

Ncha bora iliyobandikwa vibaya haina faida. Ile ya zamani hukatwa kwa wembe, kisha mabaki ya gundi huondolewa mpaka uso wa pete uwe bapa kabisa. Chini ya ncha mpya hukwaruzwa kidogo kwa msasa, gundi ya supaglu hupakwa, hasa ile nzito ya jeli, na ncha hubanwa katikati bila kuyumba hadi ishike. Kisha fimbo hugeuzwa, ncha ikielekea chini juu ya ubao, na ngozi iliyozidi hukatwa kwa wembe mpya kutoka upande wa pete kwenda ubaoni. Msasa laini humalizia kando, na kusugua kwa kipande cha ngozi chenye unyevu kidogo huzibana nyuzi za pembeni zisitanuke. Ncha za skrubu, ambazo huja na fimbo za bei nafuu, hazina usumbufu huu; ila hulegea, na fimbo yenye ncha iliyolegea hujulikana kwa mtikisiko wake mkononi.

Ngozi mpya hubanwa na mapigo ya mwanzo, hivyo umbo lake huhitaji kurekebishwa baada ya michezo michache. Katika mji wenye hewa nzito kama Mombasa au Tanga, ngozi hufyonza unyevu na kulainika, kwa hiyo anayeishi huko ana sababu ya kuchagua ncha ngumu kwa daraja moja kuliko anayecheza Nairobi. Chaki hupakwa kwa kupangusa uso wote wa ngozi, wala si kwa kuzungusha fimbo ndani ya kipande cha chaki, tabia inayokula pete na kuacha ukingo wa ngozi mtupu. Uso uking'aa na kukataa chaki, hukwaruzwa kidogo. Ukikwaruzwa kila siku, ncha hutafunwa bure.

Ncha hubadilishwa ikipasuka, tabaka zikiachana, au ukuta wake wa pembeni ukibaki na unene wa milimita 2 hivi. Kuisubiri iishe kabisa ni hatari, kwa kuwa pigo la pembeni litaufikisha mpira kwenye pete. Pete ya shaba huuachia mpira alama. Ya plastiki hupasuka, na hapo kibandiko kipya cha ngozi hakitoshi tena: mti hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kukereza ili pete nyingine itengenezwe kwa kipimo chake.